Je, Ajali Haina Kinga?

Mtaani kwetu Buyenzi, jijini Bujumbura, gereji ni nyingi kuliko maduka ya vitabu, na misiba ya barabarani huzungumzwa kwa lugha moja. Habari ikifika kwamba gari fulani limepinduka, watu hukaa kimya, kisha mmoja wa wazee husema, "Ajali haina kinga." Wengine huitikia kwamba ni mapenzi ya Mungu, na mazungumzo huhamia kwenye mazishi na michango. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuitilia shaka. Nilianza kuitilia shaka mwaka jana, kaka yangu alipotaka kuwa dereva wa lori.

Kaka alikuwa utingo kwa miaka minne. Huku kwetu wengi humwita utingo kwa jina la kigingi, kama kile kipande cha mti kinachowekwa nyuma ya tairi ili gari lisirudi nyuma. Alikwenda Dar es Salaam na kurudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku moja tajiri mwenye malori alimwambia kwamba dereva wake mmoja ameacha kazi. Kama kaka angepata leseni ya magari makubwa ndani ya wiki tatu, lori lile lingekuwa lake kuliendesha. Kuhusu mafunzo tajiri hakusema neno. Kuhusu leseni alisema yuko mtu wa kuzungumza naye.

Usiku ule kaka alikuja kukaa kitandani kwangu. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe unasomea mambo ya haki na batili. Hili ni sawa?"

Hapa napaswa kusema ukweli wote, maana bila huo insha hii haina kazi. Ada yangu ya chuo analipa kaka. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja muhula uanze. Nilimjibu hivi: "Kaka, barabara unaijua. Umekaa ndani ya lori miaka minne. Chukua."

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba jibu langu lilikuwa kosa la kimaadili, ingawa hakuna mtu aliyekufa kwa sababu yake. Swali ninalouliza ni hili: mtu anayejifunza kazi inayoweza kuua ana deni gani kwa watu atakaokutana nao kazini? Nitatetea wazo kwamba mafunzo mazuri ndiyo deni lenyewe. Ni deni analodaiwa mwanafunzi, lakini hadaiwi peke yake.

Kwanza inafaa tukumbuke tunazungumzia chombo cha namna gani. Asiyewahi kupanda lori hudhani kwamba ni gari dogo lililokuzwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa lori lenye tela na ekseli saba. Uzito kama huo haupandi mlima kwa shida tu, bali hushuka kwa shida kubwa zaidi. Anayetoka Dar es Salaam kuja kwetu huingia Burundi kwa mpaka wa Kobero, hupita Muyinga, Ngozi na Kayanza, kisha hufika Bugarama. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko karibu mita 800 tu. Kati ya miji hiyo miwili hakuna hata kilomita 40, na karibu zote ni mteremko na kona.

Kwenye mteremko kama huo breki peke yake haimwokoi mtu. Dereva akiikanyaga kwa muda mrefu, ngoma na viatu vya breki hupata moto mpaka havishiki tena, na breki za upepo zinazokanyagwa mara kwa mara humaliza upepo wake haraka kuliko injini inavyoweza kuujaza. Kinachotakiwa ni dereva kuingiza gia nzito angali juu, kabla mteremko haujaanza, ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki atumie kwa kukanyaga na kuachia. Akishachelewa, gia nzito haiingii tena. Kwa hiyo uamuzi wa kuua au kutoua hufanyika juu ya mlima, mahali ambapo hakuna hatari inayoonekana na dereva anajiona yuko salama.

Tena barabara ile si ya malori peke yake. Kila aliyepita huko amewaona vijana wa baiskeli. Wanashuka na mikungu ya ndizi kwa kasi inayotisha, na wakati wa kupanda wanashika nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu. Wapo pia akina mama wenye vikapu, na watoto wa shule wanaotembea ukingoni mwa lami. Hao ndio watu ninaowataja ninaposema "watu atakaokutana nao". Kwa wingi wao hawana gari, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anakubali kuwa uwanja wa mazoezi wa mtu.

Sasa turudi kwenye methali. Nadhani "ajali haina kinga" hutumiwa kwa maana mbili, na tunakosea tunapozichanganya. Maana ya kwanza ni ya kuliwaza. Aliyefiwa haambiwi orodha ya mambo yaliyopaswa kufanywa, anaambiwa kwamba binadamu hawezi kuzuia kila kitu. Maana hiyo ni ya huruma na sitaki kuipinga. Maana ya pili ni ya kufuta hesabu. Tajiri huitumia ili asiulizwe kuhusu breki zilizokwisha, dereva huitumia ili asiulizwe kuhusu leseni yake, na sisi wengine huitumia ili tusiulizwe tulikula nini kutokana na lori lile. Maana ya kwanza husemwa kwa ajili ya mfiwa, na ya pili husemwa kwa ajili ya mkosaji. Maneno ni yale yale.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walijadili jambo waliloliita bahati ya kimaadili. Nilipofundishwa mjadala huo darasani nilishangaa kuona kwamba wote wawili walitumia mfano wa dereva wa lori. Williams alimfikiria dereva aliyemgonga mtoto bila kosa lolote lake. Alisema kwamba dereva huyo, hata kama hana hatia, atajisikia tofauti na mtu mwingine aliyekuwa akitazama tu, na tungemshangaa kama asingejisikia hivyo. Nagel alisogea hatua moja mbele. Alimfikiria dereva mzembe kidogo, ambaye hakukagua breki zake kwa muda. Mtoto akikatiza mbele yake, dereva huyo atajilaumu kwa kifo. Mtoto asipokatiza, atafika nyumbani, atakula na kulala, na hakuna atakayemlaumu kwa lolote kubwa. Uzembe ni ule ule. Tofauti imeletwa na mtoto, na mtoto hayuko chini ya amri ya dereva.

Mfano wa Nagel ulinigusa kwa sababu unageuza methali yetu. Ni kweli kwamba dereva hana uwezo juu ya mtoto anayekatiza barabara. Katika sehemu hiyo ajali haina kinga, nakubali. Lakini breki ambazo hazikukaguliwa zilikuwa na kinga, na kinga yake ilikuwa saa moja ya kulala chini ya gari na tochi. Basi tukitaka kumpima dereva kwa haki, tusianze kumtazama pale alipogonga. Tumtazame alipokuwa bado ana uchaguzi. Kwa dereva asiyefunzwa, uchaguzi huo ulikuwa nyuma sana, siku aliyopokea leseni ya kazi asiyoijua. Toka siku hiyo kila safari yake ni kosa lile lile linalorudiwa, hata kama mia ya kwanza zitaisha salama. Usalama wa safari hizo hauonyeshi kwamba anajua kuendesha. Unaonyesha tu kwamba hakukutana na mtoto.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu nililitoa mimi mwenyewe usiku ule. Linasema kwamba hakuna anayejua kabla ya kufanya. Dereva huzaliwa barabarani. Wazee wanaokaa mbele ya gereji za Buyenzi hawakusoma popote. Walianza kwa kufunga turubai, wakabadilisha matairi, siku moja dereva akachoka akawaachia usukani kwenye tambarare, na leo wameendesha miaka thelathini. Mmoja wao huniambia kila nikipita, "Barabara ndiyo shule, mwanangu." Hata Aristotle anaonekana kuwa upande wake. Katika kitabu chake cha maadili alichokiandika kwa Wagiriki wa kale, anaeleza kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba hata wema tunaupata kwa kuutenda.

Lakini Aristotle hakuishia hapo. Mara baada ya maneno hayo anaongeza kwamba kwa kujenga huko huko watu huwa wajenzi wazuri au wajenzi wabaya, na kwamba kama isingekuwa hivyo, mwalimu asingehitajika. Kutenda humfanya mtu awe kile anachokitenda. Akitenda vibaya mara elfu moja, hafikii ujuzi, bali anaufanya ubaya uwe tabia, na tabia ni ngumu kuondoa kuliko ujinga.

Ukigingi wa kaka yangu ni mfano mzuri. Usidhani kwamba naudharau, maana ulimfundisha mambo ambayo darasa haliwezi kuyafundisha. Anaweza kusikia tairi lililopungua upepo kwa kuligonga na chuma. Anajua mzigo uliopangwa vibaya kabla lori halijatoka bandarini. Anajua kungoja siku tatu mpakani bila kugombana na mtu. Lakini elimu hiyo ina mwalimu mmoja tu, dereva aliyempata, na makosa ya dereva huyo aliyarithi pamoja na ujuzi wake. Dereva wake alikuwa na mazoea ya kuweka nyutro kwenye miteremko. Kati ya Singida na Igunga kuna Mlima Sekenke, na pale injini ilinyamaza na lori likaporomoka lenyewe. Dizeli iliyookolewa iliuzwa njiani kwa madumu. Kwa miaka minne kaka aliuona mchezo huo kama ustadi wa juu. Alinisimulia akicheka, kama mtu anayesimulia uhodari wa shujaa. Lori lenye mzigo likiwa nyutro kwenye mteremko, limebaki na breki peke yake, na nimekwisha kueleza breki peke yake hufika wapi. Barabara ilikuwa shule kweli, ila somo hilo lilikuwa baya.

Tena kuna methali nyingine tunayoipenda: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika mambo mengi ni onyo zuri. Mtoto asiyesikia ataumia, na maumivu yatamfunza yeye mwenyewe. Kwenye lori methali hiyo haifanyi kazi. Ulimwengu unapomfunza dereva wa tani 56, anayeumia kwa kawaida si yule anayefunzwa. Hapo ndipo naona tofauti kati ya udereva wa lori na kazi kama ushonaji. Fundi cherehani anayejifunza anaharibu kitambaa, na kitambaa kina bei inayoweza kulipwa.

Basi mafunzo mazuri ni yapi? Kwa kuwa wanafunzi wengi kati yetu tuna ndugu wanaotafuta kazi hii, nitajibu kwa mambo ya kushikika.

La kwanza, mafunzo mazuri yanayahamishia makosa mahali ambapo hayamwumizi asiyekubali. Mwanafunzi aanze kwenye uwanja uliofungwa, na lori tupu. Huko arudishe tela nyuma kati ya mapipa mpaka ayaangushe yote na kuyasimamisha tena, maana tela hukunjika kuelekea upande ulio kinyume na usukani, na jambo hilo haliingii akilini kwa maneno. Kisha aende barabarani mwalimu akiwa pembeni, na mwisho aende na lori lenye mzigo, mlimani. Shule inayofunza kwa gari dogo na kumpeleka mtu kwenye mtihani wa lori imemfunza kupita mtihani.

La pili, mwalimu awe na uwezo wa kusema "bado" bila kupata hasara. Hili naliona ndilo zito kuliko yote. Anayelipwa kwa kila leseni inayotoka ana sababu ya kusema "tayari". Tajiri ambaye lori lake limesimama ana sababu hiyo hiyo, na ndugu anayengoja ada anayo pia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mtu aulize: wanafunzi wangapi wanagawana lori moja? Kila mmoja anashika usukani saa ngapi? Je, yupo aliyewahi kurudishwa? Mahali ambapo hajawahi kurudishwa hata mtu mmoja, hakuna mtihani.

La tatu, afunzwe kukagua na kukataa. Kukagua ni kazi ya kila asubuhi: upepo wa breki, kiungo cha kichwa na tela, matairi, taa, kamba za mzigo. Kukataa ni kazi ya moyo. Dereva anayejua kwamba breki hazifai lakini hawezi kumwambia tajiri "siendi" hana elimu iliyokamilika. Afunzwe pia kubadili upande. Tanzania huendesha kushoto na sisi kulia, na malori mengi yanayovuka Kobero usukani wake uko upande wa kulia. Dereva anayekuja kwetu na lori kama hilo hawezi kuona vizuri barabara iliyo mbele anapotaka kulipita gari jingine.

La nne, afunzwe la kufanya baada ya ajali. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, ng'ambo ya mto Rusizi upande wa Congo, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikusanyika, baadhi wakachota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, na moto ulipolipuka waliuawa zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019 jambo kama hilo lilitokea Morogoro, njia ile ile wanayopita madereva wetu, na watu takriban 100 wakafa. Kwa wengi wao mauti haikuja lori lilipoanguka. Ilikuja baadaye, wakati bado palikuwa na nafasi ya kuwafukuza watu, na kinga haikutumika.

Mafunzo ya namna hii yapo katika kanda yetu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Dar es Salaam kinawafunza madereva wa magari makubwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mtaala wa pamoja kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hakuna anayejua namna ya kufunza.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la pili, ambalo ni gumu kuliko la kwanza. Ni rahisi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu kumwambia kigingi akatafute mafunzo bora. Nauli ya kwenda Dar es Salaam ni fedha, ada ni fedha, na wiki anazokaa darasani hapati mshahara. Tukisema asiyefunzwa vizuri asiendeshe, je, hatujasema kwamba maskini asiendeshe? Na kama maskini hana njia nyingine ya kulisha watoto, nani ana haki ya kumhukumu?

Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda mrefu, kwa sababu linahusu nyumba yetu. Nakubali nusu yake. Nakubali kwamba si haki kumtwika kigingi gharama yote. Anayepata faida kutokana na lori ndiye wa kwanza kupaswa kulipia mafunzo ya anayeliendesha, kama anavyolipia matairi. Anaweza kumkata dereva kidogo kidogo kwenye mshahara kama anaogopa hasara. Anayeuza leseni ana sehemu kubwa ya lawama, kwa maana cheti ni ahadi inayotolewa kwa watu wote wa barabarani kwamba mtu huyu amepimwa. Akikiuza bila kupima, amewadanganya watu ambao hatawaona maishani.

Nusu nyingine siikubali. Umaskini wa dereva unaeleza kwa nini alichukua usukani, lakini haulihamishi deni lake kwa kijana wa baiskeli. Kijana yule naye ni maskini, pengine kuliko dereva. Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Nilikuwa nikidhani mafundisho hayo yanahusu watumwa na wafalme. Sasa naona yanahusu ada yangu. Niliposema "chukua", nilikuwa nimeamua kwamba watu wa mteremko wa Bugarama wanaweza kubeba hatari ili mimi nisikose muhula. Sikuwa na chuki nao. Sikuwafikiria kabisa, na nadhani ndivyo watu wengi wanavyotumiwa kama vyombo.

Imebaki nieleze yaliyotokea. Kaka alichukua lori. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri, na nililipa nusu ya ada. Safari ya pili alirudi na saruji. Alianza kushuka Bugarama mchana, gia ikiwa nyepesi mno kama alivyozoea kuona. Kwenye kona ya tatu au ya nne aliona moshi ukitoka kwenye matairi ya tela, na kanyagio la breki likawa linazama. Mbele yake walikuwepo vijana wawili wa baiskeli wenye ndizi. Mmoja alikuwa amevaa fulana ya njano. Kaka alilipandisha lori kwenye tuta la udongo upande wa mlima, likakwaruza, likasimama. Vijana wale waliendelea kushuka. Hawakugeuka nyuma.

Dereva mmoja mzee aliyekuwa akija nyuma alisimama, akaweka mawe kwenye matairi, akakaa na kaka saa nzima breki zikipoa. Alimuuliza alijifunza wapi. Kaka akanyamaza. Mzee akamwambia, "Basi leo umefundishwa bure." Kisha alitangulia kushuka mbele yake polepole, kaka akifuata kwa gia ile ile aliyoambiwa aingize, mpaka mjini.

Jioni kaka alimrudishia tajiri funguo. Tajiri alicheka, akasema ajali haina kinga na kwamba hata hivyo hakuna ajali iliyotokea. Kwa lugha ya mtaa alikuwa na haki. Hakuna aliyekufa, lori lilikwaruzwa tu, saruji ilifika. Kwa lugha ya Nagel, kaka na mimi tulikuwa na hatia ile ile ambayo tungekuwa nayo kama kijana wa fulana ya njano angekuwa mita ishirini nyuma ya alipokuwa. Tulichokuwa nacho ni bahati.

Kaka amerudi kuwa kigingi, safari hii kwa yule mzee, na anaweka akiba ya kwenda kusoma. Mzee humwachia usukani kwenye tambarare tu, lori likiwa tupu, na akikosea humshusha. Mimi nilipoteza muhula mmoja. Niliufidia kwa kufundisha watoto wa jirani hesabu, na nimerudi darasani nikiwa nyuma ya wenzangu niliokuwa nao mwanzo. Siandiki haya ili nisifiwe, kwa sababu kilichonirudisha kwenye haki ni moshi wa breki, si masomo yangu.

Siku hizi nikiwa msibani na mzee akisema ajali haina kinga, naitikia pamoja na wengine, maana mfiwa yupo na si saa ya mjadala. Lakini nikirudi nyumbani najiuliza kinga ipi ilikuwepo na nani hakuitumia. Naomba wasomaji wangu, hasa wale ambao ada zao hulipwa na mtu aliye barabarani, mjiulize hivyo kabla ya msiba. Kaka akiniuliza tena kama jambo fulani ni sawa, nimeamua kwamba kabla ya kumjibu nitamuuliza kwanza nani mwingine yuko kwenye mteremko ule.